Kofia kwa Spoku Mbili

Fundi Spoku hakuwa na kazi. Hakuwa na magoti ya kuchuchumaa. Hakuwa na hamu ya kula, wala mtu wa kubishana naye tangu asubuhi mpaka mkewe arudi. Hakuwa na redio, maana aliifungua aitengeneze na sauti haikurudi tena. Zaidi ya yote hakuwa na subira. Hata ujanani hakuwa nayo, lakini wakati huo alikuwa na kazi, na kazi huficha mengi.

Kitu kimoja alikuwa nacho cha kutosha: shinikizo la damu.

Kwa miaka arobaini alitengeneza baiskeli chini ya bati moja, pembeni mwa barabara. Mtaa mzima ulipita mikononi mwake. Kisha magoti yakagoma. Akafunga kibanda, akaweka tupa, koleo na spana katika sanduku chini ya kitanda, akakaa kwenye kiti mbele ya nyumba. Mkewe alikuwa mpishi wa shule. Aliondoka mapema na kurudi alasiri. Kila akirudi alimkuta mumewe amenuna.

"Mbona umechelewa?"

"Sijachelewa, mzee. Wewe ndiye uliyeanza mapema kuningoja."

Siku moja ilikuja barua. Ilitoka kwa binti yao wa pekee, mwalimu katika shule ya milimani, mbali sana. Fundi alijifunza kusoma ukubwani, katika kisomo cha jioni. Alisoma pole pole, kidole kikiwa chini ya mstari.

"Baba na mama, mwisho wa mwezi ujao mtoto atazaliwa. Huku ni baridi. Asubuhi maji ya ndoo yanauma vidole. Sitaki mnitumie pesa. Nataka kitu kimoja tu kilichotengenezwa kwa mkono wa baba. Chochote. Mtaa mzima una kitu cha mkono wake, isipokuwa mimi."

Kidole cha Fundi kikasimama hapo. Akasoma mstari ule mara ya pili, kimoyomoyo.

Mkewe aliangalia ukutani nyuma ya nyumba, na Fundi akaangalia huko huko. Kwenye msumari lilining'inia gurudumu dogo la baiskeli, lina kutu. Binti yao alipoingia darasa la tano, Fundi alimwahidi baiskeli. Akaanza na gurudumu moja. Lakini wateja walikuja, na mteja hangojeshwi. "Wiki ijayo, mwanangu," alisema. Wiki ijayo ikawa mwezi ujao, mwezi ukawa mwaka. Binti alimaliza shule akitembea kwa miguu, asubuhi ya baridi na asubuhi ya mvua, ndani ya sweta lake la buluu. Mganga hajigangi, na mtoto wa fundi baiskeli hutembea.

"Nitamtengenezea nini mtoto mchanga?" Fundi aliuliza. "Kengele ya baiskeli?"

"Fikiri," alisema mkewe. "Umesalia na wiki sita."

*

Kesho yake ilikuwa siku ya Fundi ya zahanati. Muuguzi alimfunga mkanda mkononi, akaujaza upepo, akatikisa kichwa.

"Mzee, vidonge unameza?"

"Nameza."

"Unapumzika?"

"Napumzika mpaka nimechoka."

Muuguzi akacheka. "Kukaa bure na kununa si kupumzika. Endelea na vidonge, usiache hata siku moja. Lakini tafuta na kazi ndogo ya mikono, ya kufanya umekaa. Kazi isiyokukimbiza."

Fundi akatoka akinung'unika. Kazi gani isiyomkimbiza mtu? Alipofika getini akasimama. Askari wa zahanati, mtu mrefu mwenye kifua cha kabati, alikuwa ameketi kwenye benchi lake. Mikononi alishika vijiti viwili vya mwanzi. Kati ya vijiti kulikuwa na kitu cha manjano, laini, kinachoning'inia. Vijiti vilikwenda na kurudi bila haraka.

"Afande, unafanya nini hapo?"

"Ninafuma kofia ya mtoto. Watoto wanazaliwa humo ndani kila siku, na wengine wanatoka hawana hata kitambaa cha kichwa. Nikimaliza nampa muuguzi, yeye anajua nani ana shida."

"Nani kakufundisha kazi hii?"

"Mama yangu. Tulizaliwa sita, wavulana watupu. Akasema, 'Sitakaa kumngoja binti ambaye hajaja. Njooni hapa wote.'"

"Na watu hawakucheki?"

"Wanacheka, sana. Halafu inakuja miezi ya baridi, wananijia mmoja mmoja: 'Afande, na mimi je?' Baridi haichagui mume wala mke, Fundi."

Fundi akakaa kwenye ncha ya benchi. Aliangalia kwa muda. Jicho la fundi likiona kazi halitulii.

"Uzi huu ni wa ghali?"

"Wa dukani una bei yake. Lakini nyumba gani haina sweta kuukuu? Hili lilikuwa sweta la mganga wetu wa zahanati. Lilichanika kiwiko akataka kulitupa. Nikalifumua, nikaufua uzi, nikaanza upya."

"Na hivyo vijiti?"

"Mwanzi. Nimechonga kwa kisu, nimesugua kwa msasa. Uzi mnene unataka kijiti kinene kama penseli. Uzi mwembamba unataka kijiti chembamba. Hata spoku ya baiskeli inafaa." Askari akamtazama kwa pembe ya jicho. "Kama mtu anajua zinakopatikana."

*

Jioni hiyo Fundi alimwomba mkewe sweta kuukuu. Mkewe akafungua sanduku la nguo, akatoa sweta la shule, la buluu. Mkono mmoja ulitobolewa na nondo.

"Hili?" aliuliza Fundi.

"Ndilo lililopo. Na uzi wake ni mzuri. Limetembea sana, lakini halikuchakaa."

Fundi akatoka nje na koleo. Aliteremsha gurudumu dogo kutoka kwenye msumari, akafungua spoku mbili zilizokuwa nzima. Mkewe alimwona kupitia dirishani, akaendelea kupepeta mchele.

Spoku ina ncha moja iliyopinda na nyingine yenye kinati kidogo cha kuikaza kwenye rimu. Fundi alikata ile iliyopinda. Kinati akakiacha mahali pake, kiwe kizuizi, vitanzi visichomoke kwa nyuma. Akasugua kutu kwa msasa mpaka chuma kikang'aa. Kisha akachukua tupa, akachonga ncha. Akaichonga vizuri sana, kama fundi. Alipomaliza ilikuwa kali kama mwiba.

Askari alipoiona kesho yake akaruka. "Fundi! Tunafuma kofia au tunawinda nguruwe? Ncha iwe butu, ya mviringo. Iingie kwenye kitanzi bila kupasua uzi, wala kukutoboa kidole."

Fundi akarekebisha. Kisha akajifunza kufumua. Msomaji, angalia alivyofanya, maana hapa wengi huharibu. Kwanza alikata taratibu uzi ulioshona mbavu na mikono ya sweta, vipande vikaachana. Akaanzia juu, upande wa shingo, kwa sababu ukianzia chini uzi hujifunga. Akavuta, huku mkewe akiuzungusha kwenye mgongo wa kiti. Ulipojaa, wakaufunga sehemu nne kwa vipande vya uzi, usichanganyike. Mkewe akauosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo.

"Usiukamue kama dekio," alisema. "Ubonyeze tu."

Wakauanika kivulini. Uzi uliofumuliwa huwa na mawimbi, kwa hiyo Fundi akaning'iniza spana namba kumi na tatu chini yake, iuvute. Siku ya pili ulikuwa umenyooka. Wakauviringa ukawa mpira.

Pale benchini Askari akamwonyesha jinsi ya kuanzisha vitanzi kwenye spoku ya kwanza, na jinsi ya kuvihamishia kwenye ya pili.

"Maneno ni manne tu. Ingia, zungusha, toa, dondosha. Unaingiza spoku kwenye kitanzi. Unazungusha uzi juu ya ncha. Unautoa uzi huo upitie ndani ya kitanzi. Kisha kile kitanzi cha zamani unakidondosha. Umepata kipya. Ukifika mwisho wa mstari, geuza, anza tena. Hakuna kingine."

"Maneno manne tu?"

"Manne. Lakini kabla ya kofia, fuma kipande kidogo cha vitanzi ishirini, ukipime kwa rula. Kila mkono una kipimo chake."

"Afande," alisema Fundi, "mimi nimenyoosha rimu kwa macho miaka arobaini. Rula ni ya watoto wa shule."

Askari akarudi kwenye kofia yake. Getini alikuwa ameona watu wengi wanaojua kila kitu.

*

Fundi akafuma mbele ya nyumba yake. Ng'ambo ya barabara Kinyozi alikuwa anamnyoa mteja. Alipoona, mashine ikasimama hewani.

"Fundi! Umeanza kusuka nywele? Unataka kuninyang'anya wateja?"

"Nyoa kichwa hicho, usije ukakata sikio."

"Ukimaliza hiyo nitakuletea na soksi zangu, bibi!"

Mteja akacheka huku nusu ya kichwa ikiwa na nywele. Fundi akakaza taya. Akakaza na uzi.

Alikaza kila kitanzi. Tangu ujana wake alikuwa na msemo mmoja, alioupokea kwa bwana wake wa kazi: nati iliyolegea huua mtu. Kwa hiyo kila akitoa kitanzi, alikivuta mpaka kikalia. Mstari wa kwanza ulikuwa mgumu. Wa pili ulikuwa mgumu zaidi. Kufikia wa kumi spoku haikuingia tena. Fundi akaenda kuchukua koleo. Ndiyo, koleo. Akaibana spoku kwa koleo, akaivuta ipite. Jasho lilimtoka. Alifuma hivyo siku kumi na nne, mabega yakiwa yamefika masikioni.

Alipomaliza akashona kofia yake, akaiweka mezani. Ikasimama yenyewe kama kopo. Mkewe akaja akaitazama.

"Ya nani?"

"Ya mjukuu wako."

Mkewe akachukua chungwa, akajaribu kulivika. Chungwa lilikataa.

"Mzee," alisema kwa upole, "huyu atakuwa mtoto au limau?"

Fundi akasukuma meza. "Basi! Mwandikie binti yako. Mwambie baba yake hakupata kitu. Mwambie labda..." Akatafuta neno.

"Wiki ijayo?" alimalizia mkewe.

Mkewe hakusema kwa ukali. Ndiyo maana iliuma. Akachukua ile kofia ngumu, akaivika kwenye mpini wa birika lililokuwa jikoni, akamimina chai bila kutafuta kitambaa.

"Hii nimeichukua mimi," alisema. "Nimeungua vidole na birika hili miaka mingi. Ya mtoto bado unadaiwa. Wiki tatu zimebaki, na posta inataka moja."

*

Asubuhi Fundi alikuwa getini kabla ya wagonjwa. Alieleza yote, pamoja na habari ya koleo. Askari alijitahidi asicheke, akashindwa, akajifuta macho.

"Nisamehe, Fundi. Nionyeshe unavyofanya."

Fundi akafuma vitanzi vitatu.

"Nimeona. Wewe hufumi, unafunga gurudumu la lori. Sasa niambie wewe, maana mimi sijui baiskeli. Ukinyoosha rimu, unakaza spoku zote kwa nguvu zako zote?"

"Hapana! Rimu itapinda. Au spoku itakatika."

"Unafanyaje?"

"Unakaza hii kidogo, unalegeza ile kidogo. Unazungusha gurudumu, unasikiliza. Spoku zote zishike sawa, hakuna inayolia..."

Fundi akaangalia spoku mikononi.

"Endelea," alisema Askari.

"Nimekuwa nikikaza nati," alisema Fundi taratibu. "Kumbe hili ni gurudumu."

"Mimi nimefundisha watu kumi na mmoja, hakuna aliyenieleza hivyo. Sasa shusha mabega. Uzi upite juu ya kidole chako cha shahada, usiuvute, uuongoze tu. Kitanzi ni kama geti langu hili. Lazima mgonjwa apite bila kugeuka ubavu."

Safari hii Fundi alifuma kwanza kipande cha vitanzi ishirini. Akakipima kwa rula ya mtoto wa jirani, bila aibu. Sentimita saba.

"Kofia ya mtoto mchanga iwe na kimo cha sentimita kumi na tano," alisema Askari. "Vitanzi vyako ishirini ni saba. Kwa kumi na tano?"

Fundi akapiga hesabu kwa kijiti mchangani, kama alivyofundishwa kwenye kisomo. "Arobaini na vitatu, kasoro kidogo."

"Anzisha arobaini na vinne. Fuma ukanda urefu wa sentimita thelathini na mbili, basi. Kichwa ni kikubwa kidogo kuliko hapo, lakini ufumaji huvutika, nao utamshika vizuri. Usiweke vifungo wala kamba. Mtoto huvitia mdomoni, na kamba humkaba. Na umwandikie mama yake: mtoto akilala ndani kwenye joto, kofia avuliwe."

Fundi akarudi kwenye kiti chake. Ingia, zungusha, toa, dondosha. Mwanzoni alisema kwa sauti. Baadaye midomo ikatulia, mikono ikaendelea yenyewe. Siku ya tatu alidondosha kitanzi kimoja bila kujua, akakigundua mistari minne mbele. Zamani angetupa kitu ukutani. Sasa akafumua mistari minne, akakiokota, akaendelea. Uzi haukasiriki ukiufumua, aliwaza. Unangoja tu.

Alasiri moja mkewe alirudi kutoka kazini, akaweka mkoba, akasubiri. Hakuna aliyeuliza kitu.

"Leo hujauliza mbona nimechelewa," alisema.

"Kwani umechelewa?" Fundi aliinua kichwa, akashangaa kuona kivuli cha nyumba kimeshavuka barabara.

Kabla ya wiki mbili kwisha ukanda ulitimia. Fundi akafunga vitanzi kimoja kimoja, kwa kulegea, ukingo usibane. Akaukunja katikati, mwisho ukagusana na mwanzo. Akashona upande huo, kisha akashona ubavu wa juu. Ubavu wa chini akauacha wazi, kichwa kiingie. Pembe mbili za juu zikasimama kama masikio ya paka. Mkewe akaivika ngumi yake, akaizungusha huku na huku. Ilikuwa laini. Ilikuwa buluu ile ile.

"Naona binti yetu anakuja kutoka shule," alisema, akageuka kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Kule zahanati muuguzi alimpima tena, akasema, "Imeshuka kidogo. Vizuri. Vidonge bado unameza?"

"Nameza. Na kununa nimepunguza dozi."

Kinyozi naye alikuja, jioni, akipita kama mtu aliyepotea njia. Alijishika shingo.

"Fundi, hivi... kitu cha kuzungusha shingoni kinachukua siku ngapi? Maana asubuhi upepo wa mlangoni pangu..."

"Umekuja na soksi zako?"

"Mzee, yale yalikuwa maskhara."

"Skafu ni rahisi kuliko kofia. Ni ukanda mrefu tu, hata kushona hakuna. Lakini sikufumii. Lete sweta kuukuu na ukae hapa. Nitakufundisha maneno manne."

*

Barua zote kwa binti zilikuwa zikiandikwa na mama. Fundi aliongeza salamu tu, kwa mdomo. Safari hii aliomba kalamu. Aliandika asubuhi nzima, ulimi ukiwa pembeni mwa mdomo.

"Mwanangu mpendwa. Hii ni barua yangu ya kwanza kuiandika mwenyewe, kwa hiyo makosa yote ni yangu. Umepokea kofia. Uzi wake ni lile sweta lako la shule. Vijiti viwili vilivyomo ndivyo nilivyoifumia. Ni spoku za gurudumu lile, unalijua. Nilitakiwa kulimaliza ukiwa darasa la tano. Sikulimaliza. Nilisema wiki ijayo mara nyingi, na wewe ulitembea. Nisamehe.

"Mpira wa uzi uliobaki ni wako. Mtoto akilala, fuma, utapumzika. Ingia, zungusha, toa, dondosha. Usikaze. Baba yako alikaza, akapata kofia ya birika. Mtoto akilala ndani kwenye joto mvue kofia. Mimi baba yako, Fundi."

Aliisoma kwa sauti mbele ya mkewe. Mkewe alisahihisha neno moja, akayaacha mengine kama yalivyo. Wakaikunja barua. Wakaiweka pamoja na kofia, mpira wa uzi na spoku mbili zilizofungwa kwa kitambaa katika bahasha ndefu ya karatasi nzito. Fundi akapaka gundi kwenye mdomo wa bahasha, akaubonyeza kwa kidole gumba kutoka ncha hadi ncha, bila kuacha nafasi. Hapa, alisema, kukaza kunaruhusiwa.

Wakaenda posta pamoja, pole pole kwa ajili ya magoti. Karani aliipokea bahasha, akaipima mkononi, akashika kalamu ajaze fomu.

"Ndani kuna nini, mzee?"

Fundi akamtazama mkewe. Kisha akaegemea kaunta.

"Baiskeli," alisema.

Karani akainua macho, akaona wazee wawili wanatabasamu. Akaigonga bahasha muhuri, akaitia kwenye gunia la barua za milimani.